Mizimu ya Thailand: Uainishaji kwa Kigezo cha Gharama

Ni desturi kuipanga mizimu kwa vitisho vyake. Kigezo hicho hakifai, maana woga wa mtu hauna mizani. Tunapendekeza kigezo cha mfukoni: mzimu wa Kithai, yaani *phi*, unamgharimu nini aliye hai? Kwa msingi huo tumepata makundi manne.

Kundi la kwanza: wasiolipwa. Hawa hawana mapatano na mtu. Krasue ni kichwa cha mwanamke kinachoelea usiku kikimulika, matumbo yakining'inia chini yake. Gharama yake ni matawi ya miiba tu: nyumba yenye mjamzito huzungushiwa miiba, kwa kuwa matumbo yasiyo na mwili hunasa upesi. Mwenzake wa kiume, Krahang, hutumia nyungo mbili kama mbawa, na hupanda mchi wa kutwangia. Msomaji aliyezoea wachawi wa ungo mmoja atakiri kwamba wenzetu wametutangulia kiufundi.

Kundi la pili: wanaolishwa. Pret ni mrefu kama mvumo, na mdomo wake ni tundu la sindano. Inasemekana enzi za uhai wake aliwapiga wazazi. Chakula hakipiti mdomoni mwake, hivyo ndugu huwapa watawa sadaka ili thawabu zimfikie yeye. Mkoani Nakhon Si Thammarat, katika sikukuu ya mwezi wa kumi, mizimu huandaliwa vyakula, kisha walio hai huvigombania. Kwa mtazamo wa kibajeti, hakuna kinachopotea.

Kundi la tatu: wanaolipa. Nang Takian hukaa ndani ya mti wa takian, hata ukishakatwa. Gogo la kale likiopolewa mtoni, huvishwa magauni na kupakwa poda, na watu huliinamia wakisaka tarakimu kwenye nyufa. Bahati nasibu ya serikali kwa kawaida huchezeshwa tarehe 1 na 16 za mwezi, na bibi huyu anatarajiwa kuijua ratiba.

Kundi la nne: Mae Nak. Yuko peke yake. Alifia uzazi huko Phra Khanong, Bangkok, mumewe akiwa vitani. Mume aliporudi, aliishi na mkewe bila kushuku lolote. Siku moja ndimu ilidondoka chini ya nyumba ya nguzo, mke akaurefusha mkono kupitia sakafuni akaiokota. Mume akatimua mbio. Leo Mae Nak ana kibanda chake katika hekalu la Wat Mahabut, ambako hupelekewa magauni, vitu vya kuchezea vya mwanawe, na hata televisheni. Vijana wanaokabiliwa na kura ya kuingizwa jeshini humwomba awaepushe. Maana jeshi ndilo lililomtenga na mumewe. Filamu ya *Pee Mak* ya mwaka 2013, iliyomgeuza kichekesho, ilivunja rekodi za mapato nchini humo.

Hitimisho. Ukimwondoa Krasue na wenzake, mizimu hii ya Thailand haifukuzwi. Hulishwa, huvishwa na kupewa makazi. Ndiyo maana mbele ya nyumba, maduka na mahoteli kuna kijumba juu ya nguzo kwa ajili ya mwenye ardhi asiyeonekana. Mgeni azingatie jambo moja: soda nyekundu iliyofunguliwa na kutiwa mrija mbele ya kijumba hicho ina mwenyewe. Usiiguse.