Myuu Usio na Kaburi

Mwulize Mwingereza wapi utapata myuu, ule mti wa majani membamba ya kijani kizito, atakuelekeza makaburini. Makanisa mengi ya zamani huku kusini mwa Uingereza yanao uani. Ila mimi nautaka wa mwituni wa kuupiga picha, uliojiotea, usiojua mkasi wa mtunza bustani. Nikimwambia hivyo, anatafakari kidogo, kisha ananitajia kanisa la kijiji cha pili.

Matokeo yake simu yangu imejaa picha za makaburi. Shangazi yangu wa Tanga, ambaye chini ya mbuyu hapiti magharibi bila dua, alipoziona alinipigia: "Mwanangu, huko umeingia mambo gani?" Nikamwambia ni miti tu, Shangazi. Akasema, "Miti nimeiona. Na hayo mawe yenye majina ya watu?"

Kuutambua wa mwituni nako ni kesi. Ndege hula nyama nyekundu inayozunguka mbegu, kisha huiangusha mbegu yenyewe mbali. Basi huo ulioota porini pengine mama yake yuko uani kwa kasisi. Tuuite wa mwitu au wa parokia? Na hiyo nyama nyekundu ndiyo sehemu pekee isiyo na sumu. Majani, gome na mbegu huua hata farasi. Halafu majani hayo hayo ndiyo yanayotoa malighafi ya dosetakseli, dawa ya saratani. Mti wenyewe haujaamua uko upande gani.

Hatimaye nikafika Kingley Vale, karibu na Chichester, hifadhi ya kitaifa ya mazingira asilia tangu 1952. Hapo ni msitu mzima wa miyuu, na vilima vyake ni vya chaki inayoteleza vibaya ikilowa. Miti mikongwe imeinamisha matawi mpaka chini, mashina yamejisokota, gome la hudhurungi linabanduka vipande vipande na chini yake ni wekundu mtupu. Uzuri huo, sasa jaribu kuupiga picha. Kivuli chake ni kizito hata nyasi hazioti. Ukiipimia kamera shina, mbingu zinaungua; ukiipimia mbingu, shina ni usiku wa manane. Na katika kila picha iliyotoka vizuri, yumo mbwa.

Nyuma ya mbwa huja mwenyewe, na mwenyewe lazima akutajie umri wa mti. Huyu atasema miaka 500, yule 2,000. Mashina ya kale yana uwazi ndani, pete za kuhesabia zimeshaoza, kwa hiyo hakuna wa kumbishia. Unaitikia, huku mwanga wa jua unazidi kuondoka.

Sasa naomba. Mwenye kujua myuu mmoja tu, uliojiotea, usio na kaburi, mbwa wala mtaalamu chini yake, anielekeze. Nauli nitajilipia.