Choo Hiki Hakitaki Maji: Mwongozo kwa Mwenye Kiwanja cha Mawe

Kuchimba choo cha shimo Makunduchi au Jambiani ni kugombana na jiwe. Watu wawili, mtaimbo na nyundo, na jua linakuchwa hamjafika hata magotini. Ukanda ule wa Unguja ni mawe ya matumbawe ya kale, udongo wenyewe umejibanza vishimoni. Na jiwe hilo linalokukatalia mtaimbo halikatai maji. Lina nyufa na mapango, mvua inapita humo, na kilichomo chooni kinapita humo humo mpaka kisimani. Mtu anatoka jasho mwezi mzima, na matunda ya jasho lake ni jirani kuharisha.

Sisi tuliacha ugomvi huo. Choo chetu kimepanda juu ya ardhi, hakina shimo, hakivutwi maji, na kinatupa mboji. Kukijenga si kazi kubwa. Kazi ni kukaa nacho, na hapo ndipo nitakapokushika mkono.

Jenga visanduku viwili vya tofali, bega kwa bega. Kila kimoja urefu mita 1, upana sentimita 80 na kimo sentimita 80, yaani kama lita 640. Familia ya watu 6 haikijazi kimoja kabla ya mwaka. Sakafu iwe ya zege na iinuke kuliko uwanja, maji ya masika yasipate pa kuingilia. Nyuma ya kila kisanduku weka kimlango cha kuchotea, juu mimina zege, panda ngazi tatu nne, kisha simamisha chumba chenyewe. Bomba la hewa la inchi 4 litokeze juu ya paa, na kichwani lifunge wavu, kwa sababu nzi akiingia hapo ameshapata nyumba ya kupanga bure. Mnatumia kisanduku kimoja, kikijaa mnakifunga na kuhamia cha pili.

Kabla hujaweka bakuli la choo, simama uwanjani uulize kibla kiko wapi. Unguja, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, basi anayekaa aelekee mashariki au magharibi. Angalia na pepo: kaskazi inavuma sehemu moja ya mwaka, kusi sehemu nyingine, na zote mbili hupita juu ya jiko lako. Choo kikikaa magharibi ya jiko, upepo hautakuletea habari zake wakati wa kula.

Bakuli lina sehemu mbili. Mbele pana mfereji wa mkojo, unaoteremka kwa mpira mpaka kwenye dumu nje. Nyuma pana tundu la haja kubwa. Hiyo ndiyo siri yote ya kutonuka. Vikichanganyika vinaoza, vikitengana kimoja kinakauka na kingine kinakuwa mbolea.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo vyoo vingi vya namna hii vilipokufa. Michoro mingi imechorwa na watu wanaojipangusa kwa karatasi. Sisi tunachamba. Ukimletea Mzanzibari choo kisichokuwa na pa kuchambia, umemjengea stoo ya kuku. Kwa hiyo pembeni mwa bakuli, hatua moja tu, jenga kijukwaa kidogo chenye tundu lake lenyewe. Maji yake yatoke kwa bomba la peke yake mpaka kwenye mtaro wa kokoto, mbali na kisima, na juu ya mtaro panda migomba. Mtu akimaliza anasogea, anachamba pale, anatoka twahara. Funga na upau wa kushikia ukutani. Bibi wa miaka 80 hawezi kusogea kwa kuruka, na asipopata pa kushikia atachambia pale pale alipokaa, wala si kosa lake.

Nimejifunza hilo kwa uchungu. Mwaka wa kwanza tulimwoza binti wa ndugu yangu, nyumba ikajaa wageni, na hakuna aliyekumbuka kuwaeleza. Kila mgeni aliingia na kopo lake, na kila kopo liliishia tundu la nyuma. Siku ya tatu harufu ilifika mpaka kwenye sahani ya pilau. Tulitoa tope kwa ndoo usiku, tukalifukia mbali, tukaanza upya na magunia mawili ya majivu. Wahenga walisema kuchamba kwingi huondoka na mavi, na mimi niliushuhudia msemo huo kwa beleshi mkononi. Siku hizi mgeni akifika, kabla ya maji ya kunywa, mke wangu anamwita kando: "Shangazi, njoo nikuoneshe choo chetu, kina adabu zake." Dakika mbili zinatosha. Watoto wanajifunza kwa mara moja, wanaume watu wazima kwa mara tatu.

Adabu ya pili ni majivu. Kila haja kubwa ifuatwe na kikombe kizima, kimwagwe juu yake mpaka kusionekane kitu. Majivu yanakausha, yanafukuza nzi, na ukali wake unaua vijidudu. Waliohamia kwenye gesi hawana majivu, basi wafanye urafiki na mama anayechoma mikate ya kumimina au muuza mishikaki. Maranda ya seremala yanakausha vizuri, lakini hayana ukali wa majivu, kwa hiyo changanya na chokaa kidogo. Chokaa kwetu haijawahi kuwa ngeni, ni mawe haya haya yaliyochomwa tanurini. Kopo la majivu likiwa tupu, choo kimeugua. Mpe mtu mmoja wa nyumbani kazi ya kulijaza, umtaje kwa jina, maana kopo la wote ni kopo la hakuna.

Mkojo usiudharau. Mtu mzima hutoa kama lita 500 kwa mwaka, na haja kubwa kama lita 50 tu, na sehemu kubwa ya naitrojeni, chakula cha majani, imo kwenye zile 500. Wakulima wanatoa fedha dukani kununua kitu wanachokimwaga kila asubuhi. Dumu la lita 20 kwetu linajaa kwa siku tatu hivi. Kipimo kimoja cha mkojo, vipimo vitano vya maji, mwaga shinani jioni, majani usiyaguse. Mwezi mmoja kabla ya kuvuna, simama. Dumu lifungwe kifuniko wakati wote, usipofanya hivyo naitrojeni itaruka hewani na jirani ataisikia puani.

Kisanduku kikijaa, mwagia udongo juu, ziba tundu, na uandike tarehe ukutani kwa rangi. Usitegemee kumbukumbu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka zaidi ya mwaka mmoja bila kuongeza kitu kipya, kwa nchi za joto kama yetu, na sababu yake kubwa ni mayai ya minyoo ya askarisi, ambayo ni magumu kufa kuliko vijidudu vingine. Sisi tunaacha miezi kumi na minane, kwa sababu kisanduku cha pili kinaturuhusu. Ukifungua, vaa glavu na mabuti, na ukimaliza nawa kwa sabuni. Mboji ifukie kwenye mipapai, migomba na minazi. Bustani ya kachumbari usiipelekee.

Mara ya kwanza nilipofungua nilikuwa na mama yangu, amejifunga kanga puani, tayari kunilaumu. Kimlango kilitoka, na kilichokuwa ndani kilikuwa udongo. Mweusi wenye vidoa vya kijivu vya majivu, mwepesi, unaomeguka kwa vidole kama unga wa muhogo. Mama aliteremsha kanga, akainama, akanusa. Akasema, "Huu unanuka mvua." Halafu akanitaka ndoo mbili za mipapai yake.

Kuna watakaokwambia hiki ni choo cha maskini. Waambie waende kisiwa cha Chumbe, pale karibu na mji wa Unguja, ambako watalii hulipa dola nyingi kwa usiku mmoja na vyoo vya kwenye mabanda yao ni vya mboji, kwa sababu kisiwa hakina maji baridi isipokuwa ya mvua. Na wanaouliza kuhusu najisi wanauliza swali la haki. Piga hodi kwa sheikh wa msikiti wenu kabla hujapiga tofali la kwanza, umpeleke mchoro, umuoneshe pa kuchambia. Sheikh wetu alitazama, akauliza kuhusu kile kijukwaa cha pembeni, kisha akauliza upau wa kushikia utafungwa kimo gani, kwani magoti yake mwenyewe yalikuwa yanamsumbua.

Tuliupima kwa mkono wake.