Kuvua na Kuvusha

Binamu yangu anayeishi Ottawa ana ugonjwa ambao huku Kindu hatujaupatia dawa. Kila Novemba, majani yakishapukutika na baridi ikianza kung'ata, hufunga mtumbwi wa plastiki juu ya gari, huendesha saa nyingi kutafuta sehemu ya mto isiyo na mtu hata mmoja, hupiga kafi mpaka vidole vinakufa ganzi, huvua samaki, hupiga naye picha, kisha humrudisha majini aende zake. Picha hututumia sisi. Mke wangu huzitazama zote kwa adabu, na swali lake halijawahi kubadilika: "Sasa hao jioni wanakula wali na nini?"

Samaki mwenyewe ni besi wa mdomo mdogo. Mfaransa Lacépède alimwingiza vitabuni mwaka 1802, akampa jina la mtaalamu wa miamba, Dolomieu, ambaye sina habari kama aliwahi kushika ndoana. Besi akifikia nusu mita, Kanada nzima inapigiwa simu. Kwenye mto wetu, Lualaba, samaki wa kimo hicho ni kifungua kinywa cha mbenga. Mbenga wetu huyu, ambaye mtaalamu wa samaki Boulenger alimbandika jina la Goliathi mwaka 1898, ana meno 32, hupita mita moja kwa urefu, na hana tabia ya kusubiri kupigwa picha.

Basi binamu akaamua kunitoa ushamba. Fimbo yake ya zamani ya kuvulia ilinifikia kwenye sanduku la msafiri aliyepitia Kinshasa, imekunjwa ndani ya soksi, pamoja na kopo la vyambo vya kutengenezwa: kamba wa mtoni wa plastiki, wekundu, wana macho, wana makucha. Besi, nasikia, akimwona kamba huyo hajiwezi. Shida ni kwamba Afrika, ukiacha kisiwa cha Madagaska, haina kamba wa jamii hiyo wa asili. Wakenya wanao pale Naivasha kwa sababu waliletewa mbegu ya Marekani miaka ya 1970. Samaki wa huku kwetu Maniema hajamwona kamba huyo, wala babu yake hakumwona.

Maelekezo yalikuja kwa WhatsApp, kwa sauti, marefu kuliko mahubiri ya Pasaka. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10, alisema, samaki hulegea na kujikusanya kwenye vilindi, kwa hiyo chambo kivutwe polepole, kitulizwe, kivutwe tena. Nyuzi 10 sisi huziona ndani ya friji, siku ambayo umeme umekumbuka kuja. Novemba yetu ni mvua. Mto unapanda, unageuka rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo na visiwa vizima vya magugu, na samaki mwenye akili ameshaingia msituni kula chini ya miti iliyofurika. Niliyaweka maelekezo moyoni hivyo hivyo, kwa heshima ya aliyenunua bando.

Kilichobaki kilikuwa mtumbwi. David Livingstone alikaa Nyangwe, kwa juu ya mto huu huu, miezi kadhaa ya mwaka 1871 akitafuta mitumbwi ya kununua, wenyeji wakamzungusha, na mwishowe akarudi alikotoka mikono mitupu. Mimi nilimzidi bahati: niliupata asubuhi ile ile, ila mwenyewe alikuwa ndani na hakuwa na mpango wa kutoka.

Ni Mgenya, na Wagenya hawakai chini wakipiga kafi. Husimama wima, kafi ndefu mkononi, mtumbwi ukiyumba wao hawayumbi. Nikamweleza kwamba nakodi chombo ili nipige kafi mwenyewe, kama wafanyavyo Kanada. Akatazama viatu vyangu. Akatazama vidole vyangu vya chaki.

"Mwalimu," akasema, "kodi nitapokea. Kafi niachie."

Njiani nikamsimulia habari za binamu. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika pale samaki anaporudishwa majini. Akaacha kupiga kafi.

"Anamvua?"

"Anamvua."

"Halafu anamwachia?"

"Anamwachia. Mwakani aje amvue tena."

Akafikiri, mkondo ukituteremsha kando kando. "Na huyo samaki akifika kwa wenzake, anawaambia alikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikashughulika na fimbo.

Binamu husema raha yote ya uvuvi ni upweke. Hicho ndicho kitu pekee ambacho Lualaba haujawahi kukileta Kindu. Mto umepasua mji: Kasuku na Mikelenge, pamoja na stesheni ya treni, upande wa kushoto, Alunguli upande wa kulia, daraja hakuna. Kila kilicho ng'ambo hii na kinachotakiwa ng'ambo ile sharti kipite majini, iwe mchele, mawese, pikipiki, mbuzi, bibi harusi au jeneza. Kwa mtu aliyesimama ukingoni na mzigo kichwani, mtumbwi uliotulia una maana moja tu: bado una nafasi.

Sikuwa nimemaliza kufunga kamba wa plastiki tulipoitwa. "Tuvushe!" Mgenya wangu akageuza mtumbwi bila kuniuliza. Nilimkumbusha kwamba nimekodi. Akanijibu kwa upole kwamba nimekodi kuvua, na hakuna aliyenizuia kuvua. Yeye anavusha tu.

Wakapanda mama mmoja mwenye bidoni ya mawese na kuku wawili waliofungwa miguu, kijana na baiskeli yake, na mzee mmoja wa kofia, mwenye jembe, aliyekaa akinitazama usoni, magoti yake yakigusana na yangu. Mtumbwi ukazama mpaka ukabakiza upana wa viganja viwili. Maji machache yakaingia, yakatulia chini kwenye miguu yetu, na hakuna aliyeyajali. Kopo la kuyatolea lilikuwepo. Ndani yake walilala minyoo ya Mgenya.

Kurusha ndoana ya kisasa kunahitaji nafasi ya mkono kwenda nyuma. Nafasi ile ilikuwa ya mama. Nilirusha kwa mtindo wa video, mkono ukapita vizuri, kamba mwekundu akakataa kuondoka. Nikavuta. Nikasikia kitambaa kikilia.

"Mwalimu," mama akasema, bila kugeuka, "umeshika kikwembe changu."

Kilikuwa kikwembe kipya, cha ndege wa buluu kwenye manjano, na ndoana ilikuwa imeingia kwenye ndege mmoja chini ya bawa. Ndoana za binamu zina ncha tatu. Ukitoa ya kwanza, ya pili inaingia. Ukiitoa ya pili, ya kwanza inarudi kusalimia. Kijana wa baiskeli akajitolea kusaidia, akashikwa kwenye mkono wa shati. Kwa muda mfupi mimi, mama na kijana tulikuwa kitu kimoja, mzee akitoa maelekezo, huku mkondo ukitupeleka kuelekea Ubundu, ambako hakuna kati yetu aliyekuwa na shughuli. Mwishowe mama akatoa wembe ndani ya leso aliyofungia fedha zake na kukata. Ndege akabaki na tundu. Mama akalipima kwa kidole, akalitazama, akanitazama, asiseme kitu. Afadhali angesema.

Mgenya ndiye aliyeokoa heshima yangu. Alimng'oa kamba wa plastiki, akampa kijana akampelekee mtoto wake achezee, akafunga ndoana moja ya kawaida, akachomeka mnyoo, akatumbukiza kando ya gogo lililonasa. "Hapo," akasema. "Shika, usirushe."

Fimbo ikapinda papo hapo. Sitaficha kwamba nilipiga kelele. Mzee akapiga kelele, kuku wakapiga kelele, na watu wa mitumbwi miwili iliyokuwa ikipita wakaacha safari zao ili kunifundisha kazi. Mmoja alitaka nilegeze, mwingine nivute, wa tatu aliuliza bei. Nilizungusha kile kigurudumu mpaka likatokea dude nene, laini, la kijivu lenye madoadoa, lenye sharubu na vijicho vya kuazima, na mgongoni halina pezi linalostahili jina hilo. Nikalinyanyua na kulishusha ndani ya mtumbwi, katikati ya yale maji machache, katikati ya miguu yetu yote.

"Nina!" Mgenya akafoka. "Ni nina huyo! Inueni miguu!"

Mtu anayesema inueni miguu ndani ya mtumbwi uliojaa anasema kwa ajili ya kumbukumbu tu. Nina ni kambare wa umeme. Kiungo chake cha kuzalisha umeme kimemzunguka mwili mzima chini ya ngozi, na mkubwa wao huweza kufikisha volti 350. Wamisri wa kale walimchora kwenye kaburi la Ti kule Saqqara zaidi ya miaka 4000 iliyopita, bila shaka kwa kumwangalia kwa mbali. Kwa kawaida huwinda usiku, lakini maji ya Novemba yana giza la kumtosha hata saa nne asubuhi.

Pigo la kwanza lilitupata wote kwa usawa, jambo ambalo kwa upande wa umeme mji wetu haujalizoea. Magoti yangu yalikunjuka bila idhini yangu. Mzee alivua kofia, nadhani alidhani ameitwa. Kijana alipanda juu ya baiskeli yake iliyolazwa na kubaki hapo amechuchumaa kwenye kiti. Pigo la pili lilikuwa dogo, la tatu dogo zaidi, maana nina naye huishiwa. Mgenya, aliyekuwa amesimama kwenye ubao mkavu wa nyuma na kandambili zake za plastiki, alicheka mpaka kafi ikamponyoka, tukaifuata kwa mikono kama bata.

Mama peke yake hakupiga kelele. Alichukua mpini wa jembe la mzee, mti mkavu, akamgonga nina kichwani mara moja, akamgeuza tumbo, akambonyeza kujua unene wake. Kisha akachana jani la mgomba lililofunika bidoni, akamfunga vizuri, akamweka upande wake.

"Huyu ni wa kikwembe," akasema.

Mzee akasema ni haki. Kijana, kutoka kwenye kiti cha baiskeli, akasema ni haki. Mgenya akakusanya nauli ya watatu, kisha akanyoosha mkono kwangu kwa ajili ya kodi, na juu yake faranga kidogo za minyoo.

Kabla hawajashuka Alunguli nilimwomba mama anyanyue samaki nimpige picha ya kutuma Ottawa. Akamfungua, akamnyanyua, akakunja uso kama wafanyavyo kwenye pasipoti. Jibu la binamu likaingia tungali tunashusha baiskeli, nikalisoma kwa sauti: samaki mzuri sana, hongera, je, mmemwachia salama?

Mama akaniamuru niandike, naye akiwa amesimama pale pale kuhakikisha. Nimwambie samaki anakwenda kwenye moshi leo hii. Nimwambie pia kwamba huyu amelipa tundu tu, kikwembe chenyewe ni cha yadi sita, rangi ya manjano, ndege wa buluu, na msafiri wa Kinshasa anajulikana.