Pikipiki Ikisusa Wakati wa Masika: Mwongozo wa Hatua Nane

Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya yule ambaye pikipiki yake imelala nje Mbagala usiku kucha, mwezi wa Aprili, mvua ikiitwanga. Sasa ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, abiria keshapanda na mkoba wake kifuani, bosi anasubiri hesabu jioni, na injini imegoma. Wakazi wa Lushoto, Njombe na Bukoba wanaruhusiwa kuutumia hata nje ya masika, kwani ukungu na manyunyu ya kwao hayafuati kalenda ya Dar es Salaam.

Hatua zifuatwe kwa mpangilio. Ukizirukaruka unaweza kuwahi kazini, na hilo si lengo letu.

Hatua ya kwanza: piga kiki bila kufikiri

Vuta choki yote, fungua resi mpaka mwisho, kisha piga kiki hadi ulazimike kubadilisha mguu. Mwenye stata ya kubonyeza asijione kasalimika. Yeye abonyeze mpaka betri ianze kukoroma.

Hatua hii ina faida kubwa. Kila ukipiga, petroli inaingia kwenye silinda, na kwa kuwa hakuna cheche ya kuiunguza, inabaki humo ikiilowesha plagi. Ulianza na tatizo moja la unyevu wa nje. Dakika tano baadaye unalo na la pili, la ndani. Mafundi wengi wanasomesha watoto kwa hatua hii.

Wapo wakorofi ambao hufunga koki ya mafuta, wakarudisha choki, wakafungua resi yote na kupiga kiki mara kadhaa ili hewa iisukume petroli ya ziada itokee kwenye ekzosi. Hao huondoka mapema na kijiwe hakiwajui.

Hatua ya pili: subiri baraza likamilike

Pikipiki iliyogoma haipaswi kushughulikiwa na mtu mmoja. Tulia, watakuja. Wa kwanza atasema kabureta. Wa pili atasema sidiai imekufa, na kwamba anamjua mtu Kariakoo anayeuza ya mtumba. Wa tatu hatasema kitu. Atalitikisa tangi, atege sikio, kisha atikise kichwa.

"Dogo, hiyo ni baridi," atasema mzee aliyekuja kununua chapati. "Iache ipate jua."

"Jua la lini, mzee wangu? Mvua hii ni ya kutwa."

"Basi kesho."

Usimbishie. Ni kweli kwamba alfajiri ya Aprili jijini hushuka mpaka nyuzi 23 hivi, na kwamba hakuna petroli iliyowahi kukataa kuwaka kwa baridi ya namna hiyo. Ila mzee ni mzee.

Hatua ya tatu: usikiguse kile kitufe chekundu

Upande wa kulia wa usukani, karibu na resi, pikipiki nyingi zina kitufe chekundu cha kuzimia injini. Mikono ya koti la mvua hukisukuma. Watoto wa mwenye nyumba hukichezea. Kikikaa upande wa kuzima, hata fundi aliyesomea Ujerumani hawezi kuiwasha.

Kwa hiyo kikague mwisho kabisa, ukishanunua koili mpya. Koki nayo uifungulie kwenye risevu wakati huohuo, ili aibu zote mbili ziishe kwa pamoja.

Hatua ya nne: fungua plagi, uikwangue

Azima spana ya plagi. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni namba 16. Itoe plagi, uipulizie kwa mdomo, kisha isugue na msasa mpaka ing'ae. Usiitazame, maana ingekuambia mengi. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki zote zile, mafuta hayafiki. Ikiwa inanuka petroli na inatiririka, mafuta yanafika na cheche ndiyo haipo. Ikiwa na masizi meusi makavu, injini inakula petroli nyingi mno kwa hewa inayoipata, na kichujio cha hewa kilicholowa ni mshukiwa wa kwanza.

Sasa ipeleke plagi kwenye jiko la mama wa chapati uichome. Hapa kejeli inapumzika kidogo: kweli moto huikausha plagi, lakini ifute kwanza, unawe mikono iliyoshika petroli, na pikipiki ibaki mbali na jiko.

Kabla ya kuirudisha, pengo la pale cheche inaporuka liwe kati ya milimita 0.6 na 0.8. Huna kipimo? Kadi ya benki, ambayo masika haina kazi nyingine, ina unene wa milimita 0.76.

Hatua ya tano: jihadhari usije ukaona ufa

Juu ya plagi kuna kofia nyeusi, na kutoka hapo waya mnene unaelekea kwenye koili. Tunakusihi usiviangalie kwa makini, kwa sababu mara nyingi ugonjwa uko hapo, na ukiujua mapema mwongozo huu utaishia njiani.

Koili huchukua umeme mdogo na kuupandisha hadi zaidi ya volti 10,000. Umeme wa kiasi hicho unaruka pengo la plagi kwa sababu tu haujapata njia rahisi zaidi. Kofia ikiwa na ufa mwembamba, kiangazi chote ufa huo hujaa hewa kavu na hakuna anayeuhisi. Mvua ikinyesha, hujaa maji. Na si maji safi, ambayo kwa kweli hupitisha umeme kwa shida. Ni maji yenye tope la barabarani na chumvi ya upepo wa bahari. Umeme unapata njia ya mkato, unashukia kwenye chuma cha injini, na plagi inabaki bila cheche.

Ukitaka kuyaona haya, subiri giza. Mwambie mtu apige kiki huku umeinama ukitazama kofia, mikono ukiwa umeikunja nyuma. Utaona nyuzi za buluu zikitambaa juu ya plastiki, na utasikia mlio mdogo wa tik, tik, tik. Kati ya washauri atakuwepo wa kutaka kuushika waya ahakikishe. Mkataze. Au mkataze kwa kuchelewa.

Masika, kwa ufupi, hayatoboi kofia ya mtu. Ufa ulikuwepo tangu Januari, ukaongezwa na yule kijana wa kuosha aliyeielekezea injini mpira wa presha. Mvua ni mkaguzi asiyekula rushwa: anaandika alichokikuta.

Tiba halali ni fupi. Kausha kofia na waya kwa kitambaa. Kama ncha ya waya imeshika kutu, ikate kidogo na kuiskrubu upya kwenye kofia. Kama kofia ina ufa, nunua nyingine. Bei yake ni ndogo kuliko ya koili, na ndogo mno kuliko ya siku moja bila abiria.

Tiba ya asili ni kuifunga mfuko wa plastiki na mpira wa manati. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini kwenye plagi za bodaboda imepewa ukaazi wa kudumu. Uzuri wake ni kwamba joto la injini linageuza unyevu wa ndani kuwa mvuke, mvuke unagonga plastiki, na kofia inapata mvua yake binafsi hata siku ya jua.

Hatua ya sita: okoa kila tone

Lita ya petroli ina uzito wa takribani robo tatu ya kilo. Lita ya maji ni kilo nzima. Kwa hiyo maji yakiingia kwenye tangi hukaa chini, palepale koki inapoanzia kuvuta. Huingia kwa mfuniko uliochoka mpira, kwa kile kitundu cha kutolea maji pembeni ya mfuniko ambacho kimezibwa na vumbi, au kwa petroli ya chupa iliyokaa mezani kando ya barabara bila kifuniko cha maana.

Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kwa chupa inayoonyesha, subiri kidogo. Maji yataonekana chini, yakibiringika kwa vitone vya duara visivyochanganyika na petroli. Waonyeshe washauri wote. Wakisharidhika, kwa kuwa petroli ni ghali, imimine yote kwenye tangi.

Hatua ya saba: sukuma

Washa swichi, weka gia ya pili, bana klachi, ukimbie nayo, kisha achia. Kusukuma kunasaidia pale betri iliposhindwa kuzungusha injini. Hakusaidii chochote pale cheche inapovujia kwenye kofia, lakini kunapasha mwili joto. Abiria naye ashuke asukume. Nauli isipunguzwe, wengine hulipia mazoezi.

Hatua ya nane: ikiwaka, usiizime

Itawaka. Mvua itakuwa imekatika, injini imekauka yenyewe, na saa nne imegonga. Mzee atasema aliwaambia ni jua. Wa Kariakoo atasema sidiai huwa zinazinduka. Aliyetikisa tangi ataomba ya soda, mpe.

Wewe usichunguze kilichoiwasha. Acha injini iungurume unapoongea na simu, unapomshusha abiria, unapokula. Endesha hivyo mpaka taa ya mafuta iwake na ulazimike kuingia kituoni, ambako mhudumu hafungui pampu kabla hujazima. Kama chini ya tangi bado kuna ule mfuko, tafuta watu wawili wenye nguvu kwenye foleni, wasalimie vizuri, ndipo uzime.