Muulize Bi Mapengo

*Bi Mapengo, mteja wangu anauza vigae. Nimemtengenezea tovuti safi: picha moja kubwa, nafasi wazi za kutosha. Kaniuliza, "Huku pembeni mbona patupu? Mimi nimelipia ukurasa mzima." Sasa anataka logo iongezwe ukubwa, kalenda, saa, na picha ya mwenyekiti akikata utepe. Nifanyeje?*
*Mbunifu Niliyekonda, Kinondoni*

Mwanangu, pole. Mteja wako amezoea matangazo ya gazetini, ambako kila sentimita ina bei. Kwake, kuiacha wazi ni kulipia kiti cha daladala kisha kukiacha bila mtu. Usimpe somo la sanaa. Mwoneshe kurasa mbili. Ya kwanza ni ya Alex Tew, mwanafunzi wa Uingereza aliyefungua tovuti mwaka 2005 na kuuza piseli milioni moja, dola moja kila piseli. Ukurasa ulijaa pomoni, naye akakusanya zaidi ya dola milioni. Mwache mteja autazame, kisha umfunikie na umwombe ataje tangazo moja aliloliona humo. Ya pili ni tangazo la Volkswagen la 1959: gari dogo limebanwa juu kushoto, sehemu kubwa ya ukurasa iko wazi, na hadi leo watu wa matangazo wanalizungumzia. Tew alifaidi msongamano kwa sababu bidhaa yake ilikuwa nafasi. Mteja wako hauzi nafasi, anauza vigae.

Ila usishangilie mapema. Mtu akilalamika kwamba pako patupu, mara nyingi kuna kitu alikitafuta asikione. Muulize ni kipi. Kisha fungua tovuti kwenye simu yake, si kwenye kompyuta yako pana. Huenda hiyo picha kubwa unayojivunia imeisukuma bei na namba ya WhatsApp mpaka huko chini ambako mnunuzi hafiki. Nafasi wazi ina kazi: inatenganisha visivyohusiana. Bei ikae karibu na kigae chake kuliko ilivyo karibu na kigae cha jirani. Hapo hata mwenye haraka hatakosea.

Mwenyekiti na utepe wake wapeleke ukurasa wa "Kuhusu Sisi". Wenyeviti hukaa huko kwa raha.

*Bi Mapengo, nina gesti Paje. Mgeni kasema picha za tovuti yangu hazimshawishi. Nilizipakua intaneti na ni nzuri mno: bwawa la kuogelea, Mzungu anacheka, machweo.*
*Mwenye Gesti*

Gesti yako ina bwawa? Nilidhani haina.

Zitoe, zina wenyewe, na siku moja watakuja kudai. Piga picha chumba chenyewe asubuhi, pazia likiwa wazi, na chandarua hichohicho ulichonacho. Punguza ukubwa wa faili kabla ya kuipandisha, maana picha ya MB 6 itamla mgeni bando kabla hajaiona bahari. Na jina la gesti usiliandike kwa herufi nyeupe juu ya mchanga mweupe. Kanuni za WCAG, zile za kuhakikisha tovuti inasomeka na kila mtu, zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Wewe uko karibu na moja kwa moja.

*Bi Mapengo, wifi yangu kaniomba maoni kuhusu tovuti yake ya keki. Inatisha. Nimwambieje tusigombane?*
*Mwoga, Tanga*

Usiseme mbaya, wala usidanganye kwamba nzuri. Msimulie kilichokupata: "Wifi, nilitaka keki ya kilo mbili. Picha zinajipitisha zenyewe, ile niliyoipenda ikaondoka sijasoma bei. Nikabonyeza nyingine nikidhani ni kitufe, haikunipeleka popote." Hapo hujamhukumu, umekuwa mteja aliyekwama, na dawa ataitafuta mwenyewe. Rangi usimchagulie. Ukimwambia aweke pinki ataiweka, na Idi ijayo utaulizwa mbele ya watu.

Halafu agiza hiyo keki na ulipe bei kamili. Ndugu wanaotoa maoni na kuomba punguzo siku hiyohiyo siwajibu kwenye safu hii.