Kugongewa Alfajiri

Kitenzi cha Kiingereza kikiwa peke yake ni mtu wa heshima zake. Kipachikie kijineno "up" mkiani, hujui tena kitakufikisha wapi. Nikipewa nafasi ya kukamata kimoja tu kwa kuvuruga amani, nitakamata "knock up".

Nilikuwa nimepanga chumba Leicester kwa mzee mmoja mjane, mstaafu wa reli, mstaarabu kupita kiasi. Mtoto wa shangazi yangu akaja kunitembelea kutoka Ohio. Alihamia Marekani akiwa chekechea, kwa hiyo Kiingereza chake chote ni cha huko. Kesho yake alikuwa na basi la alfajiri kwenda London. Mzee akatua kikombe cha chai, akamtuliza: asihofu kupitiwa na usingizi, saa kumi na moja kamili yeye mwenyewe ata-"knock up", kama alivyomfanyia marehemu mkewe miaka yote.

Binti akanigeukia. "Kaka, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Kunywa chai."

Kwa Mwingereza wa rika lile, maana yake ni kumgongea mtu mpaka aamke. Kwa Mmarekani ni kumpachika mtu mimba, tena aghalabu ile isiyopangwa. Filamu ya Judd Apatow ya 2007 yenye jina hilo haihusu kuwahi basi.

Nilimweleza binti ngazini kwamba mzee hana hatia, na historia iko upande wake. Zamani katika miji ya viwanda ya Uingereza, saa ya kengele ilipokuwa ghali kwa kibarua, walikuwepo watu waliolipwa kuamsha wenzao, wakiitwa "knocker-up". Walipita gizani na fito ndefu wakigonga madirisha ya ghorofani. Mary Smith wa London Mashariki yeye alipuliza njegere kavu kwa mrija hadi kwenye kioo. Hata Sherlock Holmes, katika hadithi ya 1892, anamwamsha Daktari Watson asubuhi na mapema na kumwomba radhi kwa kitenzi hichohicho, na kitenzi chenyewe hakikumshtua Watson hata kidogo.

Binti hakuniamini. Nilisikia komeo likifungwa, kisha kiti kikiburutwa hadi mlangoni.

Saa kumi na moja mzee akagonga mara tatu, kwa adabu. Kimya. Akagonga tena, akaongeza kwa sauti ya furaha kwamba ame-"knock up" na mayai. Hapo alimaanisha ameyapika chapchap kwa kilichokuwepo jikoni, maana ya tatu hiyo. Ya nne ni ya wacheza tenisi wanaopasha misuli moto kabla ya mechi, na namshukuru Mungu mzee hakuwa mcheza tenisi.

Jioni nilipomfafanulia mzee yote, alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nikamfariji kwamba hata sisi hatuko salama: itamke "kugonga" tu mbele ya vijana wa mjini uone wanavyokonyezana.

Basi la saa kumi na mbili liliondoka bila binti, na nauli ya pili nililipa mimi. Msomaji, ukilala nyumba ya watu Uingereza, washukuru kwa ukarimu wao, kisha tegesha alamu kwenye simu yako.