Avumaye Jukwaani

Kila mpiga gitaa anatamani kuvuma. Anajinyima chakula cha mchana, ananunua pedali moja ya kubadili sauti ya gitaa, kisha ya pili, anazipanga kwenye ubao kama viatu mlangoni mwa msikiti, halafu anasubiri jina lake livume kutoka Mbagala hadi Mwanza. Mimi nimesubiri miaka kumi na moja. Muda wote huo, aliyevuma kwenye ubao wangu ni mmoja tu, na hajakosa onyesho hata siku moja: ule mmmm unaotoka kwenye spika kabla hujagusa uzi. Wenzangu wanauita kelele. Mimi leo namwita Bwana Mvumo, na nimekaa kitako kumsifu. Mcheza kwao hutuzwa, wamesema wahenga, lakini huyu hajatuzwa hata shilingi mia.

Tuanze na nasaba, maana si mtoto wa kuokotwa. Baba yake ni umeme wa ukutani, ambao hapa kwetu, kama Kenya na Uganda, hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Adapta inapougeuza kuwa volti 9 za pedali, mawimbi yaliyokuwa yakienda huku na huku yanaelekezwa upande mmoja, na mapigo yanakuwa 100. Adapta nzuri huyapiga pasi mapigo hayo mpaka yalale. Adapta ya bei chee huacha mikunjo, na mikunjo hiyo ndiyo Bwana Mvumo mwenyewe. Chukua gitaa, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya tatu: unapata G ya mapigo 98. Yeye yuko juu yake kwa unywele tu. Nyuzi zangu zinalegea kwa joto la Dar es Salaam, yeye halegei. Ndugu zake wa Marekani, ambako umeme hupiga mara 60, wana sauti nyembamba zaidi. Kwa uzito wa besi, wa kwetu ndiye mkubwa wa ukoo.

Pili, ni mwalimu. Zamani nililisha pedali sita kwa adapta moja na waya wa matawi, kama familia inayokula sinia moja. Pedali za kuchafua sauti hazina njaa, miliampea chache zinazitosha. Dilei ya kidijitali, pedali ya mwangwi, ndiyo mgeni mwenye mkono mrefu. Peke yake ilikula 300, na kelele za kutafuna kwake zikawaingia wenzake kwenye tonge. Bwana Mvumo alilalamika mpaka nikapiga magoti na tochi ya simu, nikasoma maandishi madogo chini ya kila pedali, nikajumlisha. Adapta ilikuwa na 500, walaji walitaka 560. Nikiwa hapo hapo magotini nikauona mchoro wa duara ambao sikuwahi kuujali: pedali nyingi hutaka hasi iwe katikati ya pini, na adapta niliyotaka kuazima kutoka kwenye kifaa cha intaneti cha nyumbani ilikuwa na chanya katikati. Pini iliingia vizuri kabisa. Pedali ingeungua vizuri kabisa.

Wapo wanaomkimbia wakaenda kwa betri. Ni kweli, betri haivumi. Lakini betri ni rafiki wa aina gani? Ukisahau waya kwenye tundu la kuingizia sauti, inajimaliza usiku kucha bila kukwambia, halafu kesho yake inazimika katikati ya solo pasipo hata kwaheri. Bwana Mvumo anaaga kwa sauti, na kabla ya hapo amekwisha kubisha hodi kwa sauti.

Na maadui anao, tena wakubwa. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, aliunda pikapu, yaani kinasa sauti cha nyuzi, chenye koili mbili zinazopingana, ili mvumo wa hii uufute wa ile. Kazi nzuri, hatukatai. Lakini pikapu hiyo hufunga mlango wa mbele tu. Bwana Mvumo anayeingia kupitia adapta na waya za ubaoni anapita uani, na anakuta chai imeshawekwa.

Fadhila yake kubwa kuliko zote niliiona harusini. Bwana harusi yuko mlangoni, vigelegele vimeanza, na Bwana Mvumo anaimba kuliko bendi nzima. Nikachomoa pedali moja moja. Nilipoitoa pedali ya koras, akanyamaza. Nilipoirudisha, akarudi. Koras yangu ina matundu mawili ya kutolea sauti: moja lilikwenda kwenye amplifaya, iliyochomekwa nyuma ya jukwaa, la pili kwenye mixa, iliyochomekwa ukuta wa mbali karibu na jikoni. Ethi, yaani waya za ardhini, za kuta hizo mbili zikawa zimekutana tumboni mwa pedali yangu, zikafanya duara la ukumbi mzima, na umeme ukawa unazunguka humo kama shangazi anayetafuta meza yake.

Fundi mitambo akaja na koleo. “Kaka, nikate pini ya ethi ya hii ampu, atanyamaza sasa hivi.”

Na kweli angenyamaza. Ila kimya kingi kina mshindo mkuu. Mei 1972, mjini Swansea, Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, aligusa maikrofoni isiyokuwa na ethi na akafia jukwaani. Nikamshika fundi mkono. Tukavuta ekstensheni ndefu, amplifaya na mixa vikachomekwa mahali pamoja, na Bwana Mvumo akaondoka taratibu, kama mlinzi wa zamu aliyekwisha kukabidhi funguo. Hakuwa akituudhi. Alikuwa akituambia nyaya zetu zimekaa vibaya, na sisi tulitaka kumkata ulimi.

Mwaka huu nimepata hela kidogo, nikanunua kisanduku cha umeme chenye matundu manane yaliyotengwa, kila pedali na sahani yake. Nikafupisha waya, nikaupeleka ule wa umeme upande mmoja wa ubao na ule wa sauti upande mwingine. Nikawasha. Kimya. Nikadhani nimesahau kuwasha spika.

Usiku huo nikapewa solo. Kila noti ilisikika safi, imesimama peke yake, zikiwemo zile tatu nilizokosea. Mpiga besi akanigeukia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tufahamiane. Ndipo nilipoelewa kwamba miaka kumi na moja Bwana Mvumo hakuwa akinishindania sifa. Alikuwa akinisitiri.

Ile adapta ya zamani sijaitupa. Iko kwenye mfuko wa gitaa, nimeizungushia waya wake vizuri. Siku MC atakaponipa solo ndefu kuliko vidole vyangu, najua nani wa kumwita avume kwa niaba yangu.